Shangazi wa Safari Anajibu: Begi la Kruzi Huanzia Mkoani, Sio Barcelona

Jamani, mwezi uliopita nilisema kwa kupita tu kwamba siku hizi na watu wetu wanapanda kruzi, zile meli kubwa za matembezi, sio kuziangalia zimefunga bandari ya Malindi hapa Unguja tukapiga picha tukarudi nyumbani, basi simu yangu haijapumzika tokea siku ile. Karibu maswali yote ni mawili, nibebe begi gani na nitafikaje melini. Nimechukua manne nikayajibu kwa kituo, na mengine mawili mafupi nimeyaweka mwisho maana nafasi yenyewe hii.

*Asalaam aleikum shangazi. Kijana wetu yuko London, katukatia mimi na baba yake kruzi ya siku saba inaanzia Barcelona. Sisi tuko Wete, Pemba. Jirani yangu ananambia ninunue sanduku lile gumu la plastiki, kubwa kuliko yote, maana meli haina mzani unatia unachotaka. Mume wangu anasema tuchukue mabegi yetu tuliyorudi nayo Hija. Tumeshagombana mara mbili. Nani mkweli? — Bi mkubwa, Wete*

Waaleikum salaam bi mkubwa, na Mungu amzidishie huyo kijana. Jirani yako kasema kweli lakini nusu. Meli nyingi za kruzi hazikukamii kwa kilo, sawa. Lakini wewe hulali Barcelona, unalala Wete. Hebu tuihesabu njia: Wete mpaka bandari ya Mkoani kwa gari ukachukue boti, au mpaka Chake ukapande kindege, ufike Unguja, hapo ndio ndege kubwa mpaka Istanbul au Doha au Addis, halafu nyengine mpaka Barcelona, halafu teksi mpaka bandarini, ndio uione meli. Meli ni ya mwisho kabisa! Miye begi silinunui kwa ajili ya pahala pepesi, nalinunua kwa ajili ya pahala pagumu kuliko pote njiani, na kwako wewe pahala hapo ni hapa hapa kwetu.

Ukipita na kindege cha Chake, vingi vinakubali kilo 15 tu kwa mtu na wanataka begi laini, kwa sababu pahala pa mizigo ni padogo na wanapasukuma sukuma mpaka pajae, sanduku gumu halikunjiki, litabaki uwanjani linakuaga. Ukipita na boti una nafuu ya kilo, lakini kuna ile ngazi ya kupandia, kuna watu wanaokusukuma nyuma na magunia yao, na kuna mkondo wa Nungwi. Miye nina begi langu la magurudumu manne, yale yanayozunguka kila upande, dukani lilinipendeza mno maana nilikuwa nalisukuma kwa kidole kimoja. Boti ilivyoanza kulala huku na huku lile begi likaondoka lenyewe likaenda mpaka kwenye viti vya mbele, likampiga mzee wa watu kwenye mguu, nikaomba radhi mpaka tunafika. Na gurudumu moja likakatikia hapo Malindi kwenye mawe. Tokea siku hiyo nataka magurudumu mawili, makubwa, ya mpira, yaliyoingia ndani ya begi sio yaliyochomoza chini kama kucha.

Ndege kubwa nayo ina sheria yake, tiketi nyingi za kawaida ni kilo 23 kwa begi, na ukijumlisha urefu, upana na kina isizidi sentimita 158. Angalia tiketi yenyewe imeandikwa nini, usichukue maneno ya mtu. Hilo sanduku kubwa kuliko yote la jirani yako likiwa tupu linaweza kufika kilo tano, sasa umeshapoteza kilo tano za kubebea hewa.

Na ukishafika melini, kebini ni ndogo bi mkubwa. Sio chumba cha hoteli ya Paje. Sanduku gumu hufunguka kati kwa kati kama chaza, linataka sakafu mara mbili, wewe ukilifungua baba watoto inabidi akakae chooni. Begi laini linafunuliwa juu kama kitabu, ukimaliza kupanga nguo kabatini unalisukuma chini ya kitanda, vitanda vya meli vimeachiwa nafasi kwa kazi hiyo. Na dogo unalitia ndani ya kubwa.

Kwa hiyo mume wako kashinda, mwambie. Mabegi ya Hija ikiwa zipu ni nzima na mpini haujalegea yanatosha sana. Ila toa lebo zote za safari ile, msimbo wa zamani ukibaki mashine ya uwanja wa ndege inaweza kuusoma huo ikalipeleka begi kunakojua Mungu. Na kwa kuwa mabegi yale yanafanana kundi zima, kata kipande cha kanga chakavu ufunge kwenye mpini, utaliona toka mbali kabla ya wenye lao jeusi, jeusi, jeusi.

Sasa ya ndani. Siku saba hazitaki madera kumi. Melini kuna dobi, wa kulipa, lakini yupo. Pasi ya nguo usibebe, watakuzuilia mlangoni, vivyo hivyo birika la umeme na mshumaa, yote hayo kwa ajili ya moto. Na najua unachokiwaza, chetezo. Kiache. Udi wa kuchoma na makaa hauingii kwenye kebini hata kwa dua, meli inaogopa moto kuliko dhoruba, kuna vidude darini vinanusa moshi vitaita meli nzima. Fukiza nguo zako nyumbani kabla ya kufunga begi, zitakufikisha.

Halua ya Wete ya kijana nayo usiitie begi la mkononi, ni laini na pale kwenye ukaguzi wa ndege vitu vya majimaji na vya kuvutika havitakiwi kuzidi mililita 100, wataichukua na roho itakuuma. Itie begi kubwa, na mpe kabla hamjapanda meli, maana kampuni nyingi za kruzi hazitaki chakula cha kupikwa nyumbani kiingie. Karafuu za kufunga mwenyewe kwenye kimfuko usibebe, unajua mwenyewe kwetu habari ya magendo ya karafuu, ukitaka za zawadi kanunue pakiti dukani ukae na risiti.

La mwisho na ndilo kubwa. Kabla ya safari kampuni ya meli itakutumieni lebo za karatasi zenye namba ya kebini, au mtazichapisha wenyewe. Uzikunje, uzitie plastiki au uzizungushie seloteipu, uzipige stepla kwenye mpini mkiwa Barcelona, sio Wete zikachanike njiani. Pale bandarini mahamali wanachukua mabegi makubwa, mnaachana nayo, na yanakuja mlangoni kwa kebini baada ya masaa, pengine usiku. Miye mara ya kwanza sikulijua hilo, nikatia kila kitu kule, nikashinda mchana kutwa na baibui lile lile nililosafiria toka Unguja, na jasho lake, watu wanakula na kustarehe mimi nimekaa kona. Kwa hiyo begi la mkononi litiwe pasipoti, tiketi, dawa, pesa, chaja, simu, mtandio, na nguo ya kubadilisha. Na pasipoti jamani isiende na begi kubwa, hutopandishwa.

Barcelona yenyewe haina shida, toka uwanja wa ndege mpaka bandarini ni kama kilomita 15, teksi zipo nje. Ila gati za kruzi ni nyingi, kule Moll Adossat zimepangwa kwa herufi A, B, C na kuendelea, muulize kijana meli yenu ni herufi gani umwambie dereva. Kwenda kwa miguu na begi usijaribu.

*Shangazi mambo vipi. Nafunga ndoa inshaallah na honimuni tunataka kruzi ya Dubai. Ndege ya moja kwa moja toka Unguja inatufikisha siku ile ile meli inaondoka usiku. Mwenzangu anasema tusilale hoteli tuokoe pesa tuende moja kwa moja. Na transfa, yaani usafiri wa toka uwanja wa ndege mpaka melini, tuchukue ya meli au teksi? — Bwana harusi mtarajiwa, Jang'ombe*

Mwanangu, hongera, lakini usianze ndoa kwa kukimbizana na meli. Hapa sina maneno matamu. Ndege ikichelewa masaa matatu, na ndege huchelewa, meli haikungojei. Ile saa ya kuondoka iliyoandikwa sio saa ya wewe kufika, milango ya kupandia hufungwa saa nzima kabla au zaidi ya hapo. Ongeza foleni ya pasipoti, ongeza kungojea begi, ongeza barabara. Nenda siku moja kabla. Hoteli ya usiku mmoja ni rahisi kuliko kununua tiketi mbili za kuifuata meli Doha au Muscat mkiwa mmenuniana.

Ikiwa ndege mmeinunua kupitia kampuni ya meli yenyewe hapo kidogo afadhali, kwa kawaida wao wanaijua, ikichelewa wao ndio wenye shughuli ya kukufikisheni. Mkikata wenyewe mtandaoni mzigo wote wenu.

Transfa sasa. Dubai ina pahala pawili pa kruzi, Port Rashid upande wa mji wa zamani, na Dubai Harbour kule karibu na Palm Jumeirah, na ya pili iko mbali zaidi na uwanja wa ndege. Ukimwambia dereva "nipeleke bandarini" tu umekwisha. Soma karatasi ya meli. Nyinyi ni wawili, mabegi mawili, teksi inatosha na hairudi kusubiri watu arubaini kama basi la meli linavyofanya, lile linangoja mpaka lijae na wewe umekaa ndani. Basi la meli nampendekezea mtu mzima anaeogopa kupotea, au bandari ikiwa mbali. Na mbali kwenyewe mtu hudanganyika kwa majina. Tangazo likisema kruzi inaanzia "Roma", meli iko Civitavecchia, kama kilomita 80, ni kama urefu wa Unguja nzima. Ikisema "London" mara nyingi ni Southampton, toka Heathrow ni kilomita mia na kitu. "Athens" ni Piraeus, hiyo haina neno. Wa Roma na Southampton walinganishe bei ya treni au basi la kawaida na ile transfa ya meli ndio walipe. Wewe wa Dubai panda teksi.

Viza, na hapa wengi huumia: meli ikitoka Dubai ikaenda Oman au Qatar ikarudi Dubai, wewe umetoka nchi na unaingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, ulizia ya kuingia zaidi ya mara moja na mapema. Na bi mkubwa wa Wete kama unasoma, na nyinyi vivyo hivyo, meli ya Barcelona ikigusa Tunis kisha ikarudi Ulaya ni habari ile ile.

Siku ya kurudi msikate ndege ya asubuhi. Usiku wa mwisho wanakupeni lebo za rangi, begi kubwa mnaliweka nje ya mlango kabla ya kulala, asubuhi mnalikuta gatini kwa rangi yake. Acheni nguo na VIATU vya asubuhi. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu miye nilishuka kwenye meli ya maana na ndara za chooni.

*Kwako mhariri wa safari. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina sukari na natumia sindano za insulini. Wanangu wananipeleka kruzi. Je, dawa niziweke wapi, na zitakaaje baridi toka Chake mpaka huko? — Maalim, Chake Chake*

Maalim shikamoo. Dawa zote mkononi, hata chupa moja isiende na begi la chini, kwa sababu mbili. Moja ni kwamba begi likipotea umepotea na dawa. Ya pili, kule chini ya ndege panaweza kuwa baridi ya kugandisha, na insulini ikishaganda imeharibika hata kama ikiyeyuka unaiona sawa. Chukua barua ya daktari wako kwa Kiingereza, na dawa zikae kwenye boksi zake zenye jina lako, sheria ile ya mililita 100 haikamati dawa unayoihitaji lakini waonyeshe kabla hawajauliza.

Njiani tia kwenye kifuko cha kuhifadhia baridi, au ile chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu iwe imefungwa kitambaa isigusane na dawa. Beba na ziada, siku saba chukua za siku kumi na nne ugawe pahala pawili, nusu kwako nusu kwa mwanao. Waambieni kampuni ya meli mapema, watakuwekea friji kebini ikiwa halipo au halipoozi vizuri, na kikopo cha kutupia sindano utapewa, usizitupe kwenye pipa la chumbani mhudumu akajichoma. Ukitaka kiti cha magurudumu uwanja wa ndege na bandarini omba wakati wa bukingi, sio siku ile. Na biskuti mfukoni maalim, foleni ya kupanda meli ni ndefu na wewe huna ruhusa ya kukaa na njaa.

*Shangazi miye dereva, meli zikija nachukua wageni. Msimu huu nimepata hasara, mgeni kaandika nimchukue "10" nikamtuma mdogo wangu, kaenda saa kumi jioni, mgeni alikuwa anataka saa nne asubuhi! Na mara nyengine wamekuja wanne na mabegi manane, Noah haikutosha. Nifanyeje? — Dereva, Malindi*

Nimecheka, nisamehe. Hii saa yetu na saa yao ni ugonjwa wa siku nyingi. Ukipata ujumbe wa mgeni rudisha jibu kwa tarakimu za masaa ishirini na nne, 10:00 au 16:00, na neno asubuhi au jioni, umwachie ajibu ndio uondoe gari. Halafu muulize kitu kimoja ambacho madereva wengi hawakiulizi, saa yako hiyo ni ya meli au ya hapa? Meli huwa na saa yake, nahodha anaweza kuiacha ile ile ya bandari iliyopita, kwa hiyo mgeni saa yake ya mkononi na yako zikapishana saa nzima na nyote mko sawa.

Kurudisha, uliza saa ya mwisho ya kupanda, sio ya meli kuondoka, na wewe ulenge saa nzima kabla ya hiyo. Toka Nungwi ni kama kilomita 60, usimwambie mgeni "saa moja tu" ukasahau kuingia mjini jioni, hesabu masaa mawili. Ijumaa mchana usipange kitu karibu na msikiti ukategemea kupita. Mgeni wa matembezi anaeachwa na meli atakuandika vibaya dunia nzima, na kosa lilikuwa foleni ya Darajani.

Mabegi, muulize anashuka kutembea au anamaliza safari. Wa kutembea ana kimkoba na kofia. Anaemaliza au kuanza ana kubwa na dogo, kila mtu. Noah ya abiria saba ukitia mabegi ni abiria wanne, na mabegi makubwa manne hapo ndio mwisho, manane hayaingii hata ukiyabembeleza, tafuta Hiace au gari mbili na bei useme mapema. Hoteli ikiwa ndani ya Mji Mkongwe gari haifiki mlangoni, patana na hamali mwenye mkokoteni kabla, mgeni asiachwe anaburura begi vichochoroni.

Na mbio mbio sasa.

*Kufuli la begi lenye alama nyekundu ni lazima?* (Msomaji, Mkoani.) Hapana. Lile ni la Marekani, wakaguzi wao wana funguo zake, usipokuwa nalo wanaweza kukuvunjia. Kama huendi huko kufuli lolote dogo linafaa, na kitu cha thamani hakitiwi begi kubwa hata kwa kufuli saba.

*Soketi za melini zinaingia plagi zetu?* (Msomaji, Kikwajuni.) Mara nyingi haziingii, zetu ni za Kiingereza za miguu mitatu, melini utakuta za Kimarekani na za Ulaya za miguu miwili. Beba adapta. Ekstensheni usibebe, zile zenye kinga ya umeme ndio kabisa zinakatazwa, na pawabanki ikae begi la mkononi kwenye ndege, sio la chini.